Sahihi Iliyobaki Ujiji



Leo tunaandika tukiwa tumekaa juu ya mkeka, ndani ya nyumba yetu ya kwanza, Alhamdulillah. Nyumba iko Ng'ambo. Si Ng'ambo ya Unguja mnayoijua nyote. Hii ni Ng'ambo ya Tabora, bara kabisa, mwendo wa siku nzima na zaidi kutoka bandarini Dar es Salaam. Dalali alipotupigia simu kwamba kuna nyumba Ng'ambo, tulidhani anatutania kwa kuwa anatujua ni Waunguja.

Ndoa yetu ina miaka mitatu. Kazi ndiyo iliyotuleta huku. Mwanzo tuliona kama tumetupwa, baadaye tukagundua kwamba mtu wa kisiwani si mgeni sana Tabora. Maulidi wanasoma, buibui linavaliwa, na miembe mikubwa ya mjini watu wanasema ilikuja na misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Hata harusi za huku na kule ni za zamani. Baba yake Tippu Tip, Muhammad bin Juma, alioa hapa Unyanyembe, akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Kwa hiyo bi harusi anayeambiwa "utaolewa mbali" asikate tamaa, wenziwe wametangulia.

Mashoga wawili watatu wanaojitayarisha kuolewa wametuuliza tumewezaje kununua nyumba bila mkopo wa riba, na tumekaaje na subira mambo yalipokwama dakika ya mwisho. La kwanza halina siri. Murabaha tuliiulizia: benki inanunua kitu, inakuuzia kwa faida mnayokubaliana toka mwanzo, na haibadiliki. Lakini tulipopiga hesabu ya marejesho na mishahara yetu, tuliona tungekula ugali na chumvi miaka kumi. Basi tukaweka kidogo kidogo. Mshahara, kibati, nguo za sikukuu moja hazikununuliwa, na mwisho kabisa tukauza dhahabu ya mahari. Hilo la mahari tutalirejea, maana lilituletea mazungumzo ambayo hatukuwahi kuyafanya.

La pili ndilo refu.

Nyumba ilikuwa ya mzee mmoja aliyekwisha kufariki. Vyumba vitatu, ukumbi, baraza mbele, na ua wenye mwembe. Waliouza ni watoto wake, mtoto mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi. Bei milioni 64. Tulitoa milioni 14 za mwanzo kwa maandishi, mbele ya mashahidi, na 50 zilizobaki tulipe siku ya kusaini kwa wakili, Alhamisi ya mwanzo ya mwezi wa Shaaban. Tulikuwa tumefanya upekuzi wa hati, ukatoka safi, haina deni la benki wala zuio la mahakama. Tukajiona wajanja. Ndoto yetu ilikuwa moja tu, futari ya kwanza ya Ramadhani tuifutarie kwetu.

Mama na shangazi wakapanda boti, kisha basi, wakaja kutoka Unguja kwa ajili ya dua ya kuingia nyumba. Walibeba halua, udi, ubani, mkeka mpya na kijaluba cha chumvi sijui ya nini, tuliona haya kuuliza. Mwenye nyumba tuliyopanga Isevya tulikwishamwaga, naye akampata mpangaji mwingine wa kuingia Jumamosi. Vitu vyetu vilikuwa vimefungwa, kirikuu cha kuhamia kimelipwa nusu.

Alhamisi saa nne asubuhi tukaingia kwa wakili. Ni mama wa makamo, miwani mwisho wa pua, anasoma kila karatasi kwa kidole. Akafika kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo, ule unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo ili msimamizi wa mirathi ateuliwe. Ulitaja warithi: mjane mmoja na watoto wanne. Wanaume watatu, mwanamke mmoja. Wote wapo, wamekaa kwenye benchi, kalamu tayari.

Wakili akamgeukia mjane, aliyekuwa kimya tangu tumeingia.

"Mama, samahani. Umezaa wangapi na marehemu?"

"Watano," akajibu.

Chumba kikanyamaza. Mtoto mkubwa akasema haraka, "Huyo mwingine yuko Ujiji, ameolewa siku nyingi, ana kwake. Hana shida na hii nyumba."

"Amesema mwenyewe?"

Hakuna aliyejibu. Wakili akafunga faili. "Wanangu," akatuambia sisi, "leo hapasainiwi kitu. Hela yenu iacheni benki."

Tuseme kweli, mashoga, siku ile hatukuona hekima yoyote. Tulimchukia wakili, tukamchukia na dada wa Ujiji ambaye hata hatukumjua sura. Kosa alifanya nani na tunaolala nje ni nani? Tulitoka tukakaa ndani ya bajaji bila kusema neno, mpaka dereva akauliza mara mbili tunakwenda wapi. Swali lenyewe lilikuwa gumu.

Jioni dalali akaja. Dalali hajapata kuona jambo lisilo na njia. Akasema kuna watu wa kuonwa, tutoe kidogo, muhtasari mwingine upatikane wenye sahihi zote tano. Hakusema sahihi ya tano angeiandika nani. Baada yake akaja mtoto mkubwa wa marehemu na neno tamu zaidi. Tukilipa kufikia Jumatatu, anatupunguzia milioni 4. "Shemeji, huyo dada ni damu yetu, tutamalizana naye wenyewe. Nyie ingieni nyumbani kwenu mfunge Ramadhani."

Milioni 4. Kwa mishahara yetu hiyo ni miezi mingi ya kujinyima. Usiku ule tuligombana kwa sauti ya chini, maana wazee walikuwa wamelala chumba cha pili. Mmoja wetu alitaka kulipa. Hatusemi nani. Hoja yake ilikuwa na nguvu: sisi si ndugu zao, sisi si kadhi, kosa likifanyika dhambi ni ya aliyeuza. Mwingine akasema, na kama aliyeuza hana haki ya kuuza yote, sisi tumenunua nini?

Kumbe shangazi hakulala. Akaja akakaa mlangoni, kanga begani, akatuambia jambo ambalo hatujalisikia maisha yetu yote, na tumekua mikononi mwake. Baba yao aliacha shamba la mikarafuu Pemba. Lilipouzwa, yeye alikuwa amekwisha olewa Unguja.

"Mie sahihi yangu hawakuitaka," akasema. "Waliniletea doti ya kanga na kilo mbili za sukari. Nikashukuru. Ningesema nini? Aliyenunua alikuwa mtu mwema, mswalihina, nampenda mpaka leo. Lakini kila nikipita pale sijui nimtazameje."

Akainuka akarudi kulala. Hakutuambia tulipe wala tusilipe.

Asubuhi tulimpigia simu mtoto mkubwa, tukamwambia tunasubiri.

Sasa tuseme la dini kidogo, kwa sababu tuliposoma upya tuliona haya kwamba tulikuwa tukilijua na hatukulitumia. Suratun Nisaa, aya ya 7, inaweka wazi kwamba wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi, na kwamba fungu hilo ni faradhi. Aya ya 11 na 12 zinataja mafungu yenyewe. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa aliyeolewa mbali." Na wengi wetu tumesoma chuoni hadithi ya anayechukua ardhi ya mtu kwa dhuluma, japo kiasi cha shibiri moja, atakavyovishwa shingoni Siku ya Kiyama ardhi saba. Tulikuwa tunaisikia kama ya wafalme na matajiri. Hatukufikiri inaweza kuwa ya watu wawili na kirikuu chao.

Tulichukua karatasi tukapiga hesabu. Mjane, kwa kuwa kuna watoto, anapata thumni. Yanayobaki yanagawiwa watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Kwa milioni 64, mjane milioni 8. Kila mtoto wa kiume milioni 14. Kila binti milioni 7. Ukijumlisha inarudi 64 kamili, haibaki sumni. Hapo bado madeni ya marehemu na gharama, kama zipo, ambazo hutangulia. Ukimtoa yule binti wa Ujiji, milioni zake 7 haziendi mbinguni, zinaingia mifukoni mwa ndugu zake, na nyingine kidogo ingeingia mfukoni mwetu kwa jina la punguzo.

Mama na shangazi walirudi Unguja baada ya wiki. Mkeka waliuacha. Sisi tukapewa chumba kimoja Gongoni kwa bibi mmoja mjane, Mungu amlipe kheri, aliyetuambia kodi tutaongea tukihamia. Mvua zilikuwa nyingi, na maboksi yetu tuliyapanga juu ya matofali. Tukajifunza kwamba kitu unachokitafuta kiko kwenye boksi la chini daima.

Katika wiki hizo tulikwenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji. Tulikuwa na Jumapili tupu na hasira isiyo na pa kwenda. Kuna tembe pale, jumba la paa bapa lililojengwa upya, ambamo Livingstone alikaa. Wageni huenda kuona habari za Stanley kumkuta Livingstone, lakini sisi tuliona jambo jingine kabisa. Tuliona watu waliochelewa.

Stanley alifika Unyanyembe Juni 1871, ana haraka ya Ujiji. Njia ilifungwa na vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora. Akakaa mpaka Septemba, mwisho akazunguka kwa njia ya kusini. Februari 1872 walirudi wawili, yeye na Livingstone. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, na Livingstone akabaki pale Kwihara akisubiri wapagazi waletwe kutoka pwani. Walifika Agosti. Miezi kama mitano anatazama njia. Tulipokuwa tumesimama kwenye ule ua tulitazamana tukacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. Sisi tulikuwa na wiki ya tatu tu.

Halafu mkitazama vizuri, kila kuchelewa kwa njia ile kulikuwa na mtu nyuma yake mwenye haki au dai lake. Mnyamwezi hakukubali kubeba mzigo wa mtu wakati wa kulima, watoto wake wangekula nini? Msafara ukitaka kuondoka mvua zinapoanza, ulisubiri. Ugogoni misafara ilikaa siku nyingi ikijadiliana hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa maji katika nchi ya watu. Hongo ilikuwa malipo ya wazi, yakijulikana na kila mtu. Leo neno ni lile lile na maana yake ni ile aliyotuletea dalali jioni. Neno nalo limesafiri safari mbaya.

Na wapo waliopita njia hii ambao hawakuulizwa popote. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka UNESCO, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji. Tunaotoka Unguja tunajua mwisho wa njia ile ulikuwa wapi, soko tunalijua lilipo. Majina ya waliotembezwa hayako kwenye karatasi. Hatufananishi nyumba yetu na msiba ule, Mungu atuepushe. Ila siku ile, jina la mwanamke mmoja kutokuwepo kwenye karatasi halikuwa tena jambo dogo kwetu.

Tukaamua kwenda Ujiji. Mjane aliposikia akasema na yeye anakwenda. "Ni mwanangu. Nimenyamaza vya kutosha." Wanawe hawakufurahi, lakini nani atamzuia mama yake?

Treni ya Kigoma inakupitisha Urambo kwa Mirambo, kisha Kaliua, kisha Uvinza penye chumvi ya tangu enzi. Ni zaidi ya kilomita 400. Mama wa watu alilala akiwa amekumbatia mfuko wa matobolwa na chupa ya asali ya Tabora, zawadi ya mtoto asiyemwona miaka sita.

Dada alitupokea vizuri, kuliko tulivyostahili. Maji, chai, migebuka ya kukaanga. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, sisi tukatazama chini. Alipokaa, akatuuliza, "Kwa hiyo nyie wadogo zangu ndio wanunuzi?"

"Ndiyo, dada."

"Mnajua nilivyosikia kama nyumba ya baba inauzwa? Kwa mchuuzi wa dagaa. Anapeleka dagaa Tabora. Akarudi akaniambia, nyumba yenu ya Ng'ambo imepata wateja, Waunguja." Akatabasamu kidogo. "Mimi sikatai kuuza. Mama hawezi kuishi na nyumba inayovuja, na hela inatakiwa. Nilitaka kuitwa tu. Mngenunua, ningekuja Tabora siku moja, nisingejua nigonge mlango upi."

Mama yake akalia. Akaomba radhi mbele yetu, mzee mzima, akamwomba radhi mwanawe. Tulitoka nje tukawaacha. Ujiji nayo ina miembe yake, na watu wanaokuja kupigwa picha pale walipokutana wale wazungu wawili. Tulikaa kwenye kivuli mpaka alasiri ikaadhiniwa.

Baada ya hapo mambo hayakwenda mbio, msidhani. Kikao cha ukoo kikarudiwa, safari hii dada akiwepo kwa nauli tuliyochangia nusu. Karatasi zikarudi mahakamani, orodha ya warithi ikarekebishwa. Hati ikatoka jina la marehemu ikaingia jina la msimamizi wa mirathi, ndipo ikaanza safari ya kuja kwetu: uthamini, kodi ya muuzaji, ushuru wa stempu, kibali cha uhamisho. Ramadhani yote ikapita tukiwa Gongoni. Futari ya kwanza tulifutari juu ya boksi lililoandikwa VYOMBO. Uji wa pilipili manga, tende, na muhogo wa nazi ya unga, kwa kuwa nazi nzima huku ni anasa.

Kilichokuwa kigumu kuliko chumba ni ile milioni 50 iliyokaa benki. Hela inayosubiri ina harufu, jamaa huisikia. Katika wiki kumi tuliombwa mkopo mara nne, mmoja kwa biashara ya kuku, mmoja wa harusi, na wawili hatukuelewa wa nini. Sisi wenyewe tulianza kuona friji nzuri. Mwisho tuliifungia hela mahali ambapo haitoki bila sahihi zetu wawili, na aliyeudhika kaudhika. Tena katikati akatokea mnunuzi mwingine, akatoa bei juu yetu. Kilichotuokoa ni ule mkataba wa milioni 14, wenye tarehe, bei na mashahidi. Allah katuamrisha kuandikiana, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, ndefu kuliko zote. Andikeni, mashoga, hata kwa mtu mnayemwamini. Na muuzaji akiwa ni mrithi, upekuzi wa hati hautoshi. Upekuzi unakuonyesha madeni ya nyumba, haukuonyeshi watoto wa marehemu. Ulizeni kwa mdomo, tena mumuulize mama mzazi mwenyewe.

Sasa la mahari. Tulipokuwa tunapiga mafungu ya watu, ndipo tulipoulizana, je, ya kwetu? Nyumba iandikwe jina la nani? Tulikuwa hatujawahi kulisema. Linaona haya, kama unamwambia mwenzako "nakutarajia ufe" au "nakutarajia uniache." Dhahabu ilitoa milioni 8, na mahari ni mali ya mke, aya ya 4 ya Suratun Nisaa haina utata. Akiba yake ya mshahara ilikuwa milioni 16. Akiba ya mume milioni 40.

Wakili akatueleza kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina njia mbili za kumiliki watu wawili. Kuna umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa, fungu lake linahamia moja kwa moja kwa aliyebaki. Na kuna umiliki wa hisa, kila mtu na fungu lake linalojulikana, na akifa fungu lake linakwenda kwa warithi wake. Wengi huchagua ya kwanza kwa mapenzi. Ina uzuri wake, mjane hasumbuliwi na mashemeji. Lakini sisi tulitazamana tukamkumbuka dada wa Ujiji. Ikiwa mmoja wetu atatangulia na wazazi wake wako hai, fungu la mama yake litakwenda wapi? Tukachagua hisa. Tano kwa tatu, mke tatu. Tukaandika na wasia kwa yale ambayo sheria ya mirathi inaturuhusu.

Msituulize kama mazungumzo yale yalikuwa matamu. Hayakuwa. Mmoja alinuna siku mbili. Lakini bi harusi anayetoa dhahabu yake kununua nyumba na jina lake haliko popote, tumewaona, nanyi mnao kwenye koo zenu. Ni kweli kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Kinga hiyo ipo, ishikeni. Ila ridhaa ya kuuza ni jambo moja na fungu lako kuandikwa ni jambo jingine. Hatuamini kwamba tungeyasema haya kama tungesaini Alhamisi ile na kuingia moja kwa moja na halua yetu.

Tulisaini Mfungo Mosi, siku ya Jumanne. Benchi lile lile, wakili yule yule, kidole kile kile kikipita mstari kwa mstari. Warithi sita. Hundi ziliandikwa sita, kila mtu na jina lake, hilo ndilo sharti pekee tuliloliweka na wakili akalipenda. Mtoto mkubwa alisaini akiwa amekunja uso, tulimsalimia, akaitikia. Milioni zake 4 za punguzo hakuzitaja tena na sisi hatukumkumbusha.

Baada ya kusaini tukaenda wote nyumbani kuoneshwa mita na funguo. Sisi tulitangulia, tukafungua madirisha, tukawasha ule udi wa mama uliokaa kwenye boksi miezi miwili na nusu. Mtandio wa mtu ulikuwa bado umesahauliwa kwenye msumari wa jikoni. Mjane akakaa barazani, kaka watu wakawa wanaonyeshana mwembe, nani aliupanda na nani aliuangukia.

Dada wa Ujiji alifika mwisho, alipitia msikitini kuswali. Akasimama mbele ya mlango wa nyumba aliyozaliwa, viatu mkononi.

"Hodi," akasema.

Wote wakanyamaza. Mama yake akatugeukia sisi. Ilituchukua muda kidogo kufahamu kwamba ni sisi tunaotakiwa kujibu.

"Karibu, dada. Karibu ndani."

Akaingia, akaenda moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, akakaa huko kidogo peke yake. Alipotoka aliomba maji ya kunywa. Glasi zilikuwa kwenye boksi la chini.